Nipo, Nishapokea

Asubuhi hiyo Kengele alikuwa kachuchumaa mlangoni kwao anabandua saruji iliyoganda kwenye makarai. Kazi hiyo haitaki haraka. Unagonga mgongo wa karai kwa jiwe, taratibu, pale pale, mpaka gamba la ndani lianze kuachia lenyewe, halafu unapenyeza ncha ya jembe bovu na kulinyanyua kama unamvua mtoto kofia. Ukigonga kwa hasira karai linatoboka, na karai lililotoboka halina kazi tena duniani ila kufunikia vifaranga. Alikuwa amefika kwenye karai la mwisho simu ilipolia.

"Dada Kengele, samahani kwa usumbufu. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili pale shuleni. Dari la darasa langu linaitikia."

"Linaitikia vipi?"

"Vizuri tu, kwa sauti nzuri. Shida yake linawatangulia wanafunzi."

Kengele akalaza jiwe chini. "Ni lile dari la zege la upande wa uwanja?"

"Hilo hilo. Nimeambiwa ninyi ndio mliolimwaga."

"Sisi ndio tuliolimwaga," Kengele akasema, na mgongo ukamnyooka wenyewe, kama unavyomnyooka kila akiulizwa swali hilo. "Nanawa mikono, nakuja."

Jina lake la kuzaliwa watu walishalisahau, hata yeye akiliona mahali huchukua muda kulitambua. Aliitwa Kengele kwa sababu ya kazi yake. Yeye hakuchanganya zege wala hakulibeba. Alisimama juu ya lundo la mchanga akaimbisha.

Mtu asiyejua ujenzi anaweza kudhani hiyo ni kazi ya kuchangamsha genge tu. Siyo. Zege la dari halimwagwi leo nusu na kesho nusu. Likikatishwa katikati, pale lilipokatikia panabaki ufa ambao macho hayauoni lakini mvua inaujua. Kwa hiyo mkianza mmeanza. Wachanganyaji wako chini na masepeto yao, wapandishaji wamejipanga ngazini, wamwagaji wako juu, na karai linatoka mkono hadi mkono bila kusimama mpaka dari lijae. Mikono ya watu wengi hivyo haiwezi kwenda pamoja kwa kutazamana. Inakwenda pamoja kwa wimbo. Kengele akiharakisha, zege linaharakisha. Kengele akipunguza, watu wanapata kumeza mate. Wimbo wenyewe ulikuwa na beti za utani alizozitunga hapo hapo, za kitambi cha fundi mkuu na suruali ya fulani iliyochanika, na baada ya kila ubeti aliwaita watu wake kwa sehemu zao.

"Nani yuko chini?"

"Tupo, tunachanganya!"

"Nani yuko ngazini?"

"Tupo, tunapandisha!"

"Nani yuko juu?"

"Tupo, tunamwaga!"

"Na ukingoni?"

Ukingoni, pale ngazi inapokutana na dari, husimama mtu mmoja tu. Yeye ndiye anayepokea kila karai linalofika na kulipitisha ndani. Kwa hiyo huitikia peke yake: "Nipo, nishapokea!"

Aliyesimama ukingoni siku ya dari lile alikuwa mdogo wake Kengele, tumbo moja, aliyemfuata kwa kuzaliwa. Walimwita Pipa. Alikuwa mwembamba kama msumari, lakini akifungua kinywa sauti ilitoka nzito, ya chini, yenye mviringo, mpaka mtu aliyesikia bila kuona alitafuta mwanamume mwingine mnene nyuma yake. Wanawake wa genge walimtania kwamba sauti ile kaazima na siku moja mwenyewe atakuja kuidai.

Siku ile ile Pipa alianguka upande wa nyuma wa jengo, juu ya kokoto. Asubuhi upande huo ulikuwa na kizuizi cha mbao. Mchana kizuizi hakikuwepo, na nani alikitoa hakuna aliyesema. Hakuna aliyemwona akianguka pia, kwa sababu kila mtu alikuwa na karai mkononi. Walimkuta wimbo ulipokwisha na dari limejaa.

Mkandarasi alikuja msibani, akakaa kidogo, akatoa pole. Alisema amesikitika sana, ila yule kijana hakuwa mtu wake. Alikuja tu kumsalimia dada yake akapanda juu kwa hiari yake. Mtaa ukachukua maneno hayo ukayaongezea yake. Ikawa Pipa alipanda amelewa. Ikawa alikuwa anacheza. Mama yao, ambaye hajawahi kuweka chupa nyumbani kwake, alianza kwenda kuteka maji saa ambazo wenzake wamekwisha kuondoka bombani. Hakulia mbele ya mtu. Alisema anataka neno moja tu, alisikie kwa masikio yake kutoka kwa yule mwenye kazi: kwamba mwanawe alikuwa kazini. Kengele alikuwa ameshakwenda ofisini kwa mkandarasi mara nyingi kulitafuta neno hilo, na kila mara alikuta kiti kina koti na hakina mtu.

Shuleni alipita mlangoni penye jiwe la ufunguzi. Alisimama akalisoma, ingawa alikuwa analijua. Lilikuwa na jina la mwenye shule, la mkandarasi, na la mgeni aliyekata utepe. Akaingia.

Mwalimu wa Kiswahili alikuwa mwanamke mfupi mwenye chaki kila mahali, mpaka kwenye nyusi. Alimpokea kwa mikono miwili na kumweleza bila kuzungukazunguka. Alikuwa anafundisha ushairi. Alikuwa ameandika ubaoni neno kiitikio, anataka kulieleza, mara akasikia kishindo huko paani. Akafoka: "Nani yuko juu?" Dari likamjibu, sauti za watu wengi kwa pamoja, "Tupo, tunamwaga!" Kumbe kishindo kilikuwa cha kunguru. Akauliza tena ili ahakikishe, likajibu tena. Akaona huo ni mfano mzuri kuliko aliokuwa ameuandaa, akaendelea nao.

"Ila sasa nikiuliza swali lolote lenye nani, linataka kudakia," akasema. "Jana nimeuliza nani hajaleta daftari. Likakaa kimya, lakini nilihisi linavuta pumzi."

"Lina adabu," Kengele akasema. "Halijibu lisiloitiwa."

"Ndiyo maana nimekuita. Nataka uwaeleze watoto hili neno limetoka wapi. Mimi nina la kitabuni."

Wanafunzi walisimama wakamwamkia, wakakaa kwa kelele ya viti. Kengele hakuwa amezoea kusema bila kuimba. Alishika ncha ya kitenge chake, akaiviringisha, akaiachia.

"Mimi najua ya kwetu, ya watu wa zege," akaanza. "Wengine watakuwa na yao. Kwetu tunasema zamani mtu aliyebeba karai kichwani hakuweza kutazama juu wala pembeni. Vumbi la saruji likiingia jichoni unalia mpaka jioni. Kwa hiyo aliye chini hakujua kama aliye juu yuko salama. Akawa anamwita. Wewe ukiitwa na mama yako unasema nini?"

"Abee!" wakasema wasichana.

"Naam!" wakasema wavulana.

"Mmesema nini hapo?"

Msichana mmoja wa mbele, mwenye sare iliyomzidi, akasema kwa sauti ya kujificha, "Tumesema tupo."

"Mwanangu, umemaliza kazi yote. Ndiyo kuitika. Mtu anakuita, unamwambia nipo, sijaanguka, sijazimia, endelea. Wakawa wanaitana hivyo kila baada ya muda. Kila sehemu na neno lake, ili mwitaji ajue nani kajibu. Sehemu isipojibu, kazi inasimama hata kama zege litaharibika. Sasa kuitana tu kunachosha, ndiyo watu wakaanza kutia maneno katikati, utani, masimulizi, mapenzi. Kwa hiyo kwetu kiitikio ndicho kilichotangulia. Beti zilikuja baadaye kujaza nafasi."

Mwalimu alikuwa anaandika ubaoni haraka. "Kitabu kinasema ni maneno yanayorudiwa kila baada ya ubeti."

"Ni kweli kabisa. Yanarudiwa kwa sababu mtu anaweza kuwepo ubeti huu na ubeti unaofuata asiwepo."

Mwalimu akaandika na hilo, chini ya lile la kitabu, akapiga mstari mmoja chini ya yote mawili.

"Tuimbie," akasema mvulana wa nyuma. "Tuusikie wote."

Kengele akatazama juu. Dari lilikuwa zuri. Hakuna ufa, hakuna doa la maji hata moja, na mvua zilikuwa zimekwisha kupita. Alijisikia kama mtu anayetazama mtoto wake aliyevaa vizuri. Akajisafisha koo, akaimba ubeti wa kwanza wa siku ile, wa kitambi cha fundi mkuu. Watoto wakacheka. Halafu akaita.

"Nani yuko chini?"

"Tupo, tunachanganya!" Sauti zilitoka kwenye kona ya mlangoni, za mbali kidogo, kwa sababu wachanganyaji siku ile walikuwa chini uani.

"Nani yuko ngazini?"

"Tupo, tunapandisha!"

"Nani yuko juu?"

"Tupo, tunamwaga!" Hapo chaki zilitetemeka kwenye kisanduku chake.

"Na ukingoni?"

"Nipo," ikasema ile sauti nzito, ya peke yake, juu ya dirisha. "Nishapokea!"

Kengele hakukatisha. Aliingia ubeti wa pili, na wa tatu, akaimba suruali iliyochanika, akaimba jua, akaimba shemeji wa mtu fulani aliyepika chai bila sukari. Kila alipoita, sehemu zote ziliitikia, na ukingoni paliitikia. Watoto walishaanza kugonga meza kwa viganja, na walikuwa wanagonga vizuri.

Kulikuwa na desturi moja kwenye genge lao, nayo ilikuwa ya upendo. Mtu akipaliwa na vumbi, au akitoka pembeni kujisaidia, jirani yake humshikia sauti. Anaitikia na ya mwenzake, kwa kuiga, ili mwimbishaji asisimamishe kazi ya watu wote kwa haja ya mtu mmoja. Kushikiana sauti lilikuwa jambo la heshima. Asiyekubali kumshikia mwenzake walimwita mchoyo wa koo, na hapati mtu wa kunywa naye chai.

Ulipofika ubeti wa mvua, Kengele akaita ukingoni na kiitikio kikatoka. Kilitoka kwa wakati wake, maneno yale yale, mazito.

Msichana wa mbele akainua mkono. "Mwalimu, huyo siye."

"Anajifanya yule," akasema wa nyuma. "Anabana shingo."

Ilikuwa kweli. Kwenye lundo la mchanga, katikati ya kelele za masepeto, Kengele hakuweza kuisikia tofauti hiyo. Hapa darasani ilisikika kama kikombe kilichopasuka kikigongwa. Alikuwa Soksi, yule anayevaa soksi mikononi badala ya glavu, aliyesimama hatua mbili kutoka kwa Pipa. Soksi alidhani mwenzake katoka pembeni mara moja, akamshikia sauti. Alimshikia ubeti wa mvua, akamshikia unaofuata, akamshikia mpaka mwisho. Baada ya maziko alikwenda kwa mama yao akalala kifudifudi sakafuni akasema mwenyewe, na mama akamwinua akampa maji. Hilo lilikuwa limekwisha kati yao. Lakini ubeti wenyewe, ule ambao Pipa aliondokea, hakuna aliyekuwa akiujua, hata Soksi, mpaka siku hiyo.

"Hapo ndipo alipotoka," Kengele aliwaambia watoto. Kisha akaendelea kuimba, kwa sababu wimbo wa dari haukatishwi katikati. Aliimba mpaka ubeti wa mwisho, akaita sehemu zote, sehemu zote zikajibu, na Soksi akajibu ukingoni kwa shingo iliyobanwa. Mwalimu alimletea maji kwenye kikombe cha chaki alichokisuuza.

Mwalimu mkuu naye alisikia kutoka ofisini kwake. Hakulichukia dari, alisema lina nidhamu kuliko wanafunzi wa madarasa ya juu. Lakini mitihani ilikuwa inakaribia na alihofia litawasaidia wanafunzi. Akamwita mkandarasi aje alitazame. Mwalimu wa Kiswahili, kwa upande wake, akampigia Kengele. Kengele akamleta mama.

Mkandarasi alikuja na tabasamu lake na funguo nyingi kidoleni. Hakuwa mtu mkali. Alisalimia kila mtu, mpaka watoto. Alichukua mti wa fagio akagonga dari kona hii na kona ile, akilitegea sikio kama mnunuzi wa nazi.

"Zege zuri," akasema. "Nilisisitiza kokoto zioshwe."

"Tuliziosha," Kengele akasema.

Mama alikuwa amekaa kwenye dawati la mwanafunzi, dawati dogo, magoti yamemfika kifuani, lakini alilikaa kama kiti cha enzi. Mkandarasi akamwendea akainama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nimekuja kumsikiliza mwanangu."

"Pole sana mama. Lile jambo linaniuma mpaka leo. Lakini nilishasema, kijana hakuwa mtu wangu. Alikuja kumsalimia dada yake. Mimi hata simfahamu, sikuwahi kusema naye. Mlikuwa mkimwita nani vile? Pipa?"

"Naam bosi!" dari likasema.

Mwalimu mkuu akasogeza kiti chake kidogo ili apate kusikia vizuri.

"Mbao za nyuma?" dari likaendelea, juu ya dirisha, kwa sauti ya mtu anayesema huku kabeba kitu. "Zote? Haya bosi, kama mnazihitaji huko mbele nazitoa. Ngoja nipokee hili moja."

Kikafuata kishindo kidogo cha karai likitua. Halafu dari likanyamaza, kwa sababu hakuna aliyeliita tena.

Nje mtu alikuwa anapiga mpira ukutani. Mama aliitikia kwa kichwa polepole, na kwa mara ya kwanza tangu msiba uso wake ulifunguka, ukawa uso wa mtu anayesikia matokeo ya mtoto wake yakisomwa mbele za watu.

"Ndivyo anavyoitika," akasema. "Nilimfundisha mimi. Nilimwambia ukiitwa na mkubwa usiseme 'nini', wala usiseme 'eeh'. Anza na naam. Na ukiambiwa kazi, maliza kwanza uliyoshika. Mmemsikia? Kamaliza kwanza aliyoshika."

"Tumemsikia bibi," wakasema watoto.

"Na wala hajalewa."

"Hajalewa bibi."

Mkandarasi alipangusa chaki kwenye mkono wa shati. Alitazama pale juu ya dirisha, akatazama funguo zake, akachagua mmoja akaushika.

"Unajua mama, dari ni dari," akasema kwa upole. "Linashika mambo mengi. Huwezi kuliuliza dari likakuambia lini na kwa nini." Akamgeukia mwalimu mkuu. "Pigeni rangi ya mafuta mara mbili, mikono miwili. Itapunguza."

"Rangi ipi?" mwalimu mkuu akauliza.

"Nyeupe tu."

Kengele alikuwa mlangoni. Hakusimama njiani, lakini mlango ulikuwa mwembamba na yeye alikuwa na mabega ya watu wa zege. "Baba," akasema, "hatutaki kingine. Umemsikia, nasi tumekusikia. Sema tu alikuwa mtu wako. Mama yuko hapa, asikie, tutoke tuende zetu."

"Dada, kuna zege linanisubiri mahali, na wewe ndiye unayelijua zege," mkandarasi akasema, akicheka kidogo. "Niandikie ujumbe. Namba yangu unayo. Nitakujibu."

Akapita. Gari lake likawaka, likaondoka.

Rangi ilipigwa, mikono miwili. Dari likawa linaitikia kwa sauti ya chini zaidi, kama mtu aliyejifunika shuka, na watoto wakajifunza kunyamaza zaidi ili walisikie. Wakati wa mitihani mwalimu mkuu alibandika mlangoni karatasi ya kuwaomba wasimamizi wasitumie neno nani, na mambo yakaenda salama. Mwalimu wa Kiswahili aligawa darasa lake: watoto wakawa wachanganyaji na wapandishaji, juu wakaachiwa wenyewe wa darini, na walipoimba siku ya wazazi, watu waliotoka kwenye shule zenye vinanda walikaa kimya wakasikiliza. Msichana wa sare kubwa ndiye aliyeimbisha. Ukingoni waliacha wazi. Aliita, akangoja, akajibiwa.

Kwenye swali la maana ya kiitikio, darasa zima liliandika majibu mawili, la kitabu na la zege, na msahihishaji akatoa alama kwa yote mawili.

Habari ikatoka nje ya shule. Mwenye duka moja la vifaa vya umeme akaita dukani kwake, na dari likamjibu. Hospitalini muuguzi aliita ndani ya wodi ya wazazi, likamjibu, na akina mama wakaomba aite tena. Ikaonekana kwamba madari yote ya genge la Kengele yalikuwa yanaitikia tangu zamani, ila hakuna aliyewahi kuyaita ipasavyo. Kengele akawa anapita mjini mchana, kikapu mkononi, akijua kwamba nusu ya paa zile zinaijua sauti yake. Hakuongeza mwendo wala hakupunguza. Lakini kichwa alikibeba vile mtu anavyobeba kitu kilichojaa mpaka ukingoni bila kumwaga tone.

Jiwe la ufunguzi lilibaki na majina yale yale. Mtaani nako maneno yalibaki yale yale, kwamba Pipa alipanda amelewa. Watu walikwenda shuleni, wakamsikia, wakasema ana sauti nzuri kwa mlevi, wakarudi. Mama alianza kwenda bombani saa za watu. Aliweka ndoo yake kwenye foleni kama wenzake, na mtu akimwuliza habari za nyumbani alijibu kwa sauti kubwa, "Naam, tupo."

Genge nalo likakata shauri bila kikao. Kushikiana sauti kukaisha. Mtu akipaliwa, anapaliwa na kazi inasimama. Mara moja zege la nyumba ya mtu lilisubiri mpaka Soksi atoke chooni, na mwenye nyumba akapiga kelele mpaka akachoka, na hakuna sepeto lililonyanyuliwa. Soksi alirudi akifunga mkanda, akapanda, akavuta soksi zake mikononi. Siku hizi ukingoni husimama yeye, kwa sauti yake mwenyewe, nyembamba.

Siku nyingine walikuwa wanamwaga dari la ghala upande wa pili wa mji. Mkandarasi alikuwa ni yule yule, maana mji wenyewe hauna wengi, na kizuizi cha nyuma walikifunga wao kwa waya kabla hawajagusa mchanga. Yeye alipita asubuhi mara moja, akawapungia mkono kutoka kwenye gari, akaenda zake. Dari lilijaa, jua likiwa bado juu. Kengele akashuka kwenye lundo la mchanga, akakaa kwenye mfuko mtupu wa saruji, akapangusa vidole kimoja kimoja kwenye kitenge, akatoa simu.

Hakuandika salamu ndefu. Aliandika: Mama anauliza, Pipa alikuwa mtu wako? Akasoma mara mbili, akaongeza: Mimi Kengele. Akatuma.

Tiki zilitokea mbili, za kijivu. Hazikukaa sana zikawa za buluu. Juu ya skrini yakatokea maneno kwamba anaandika. Kengele aliishika simu kwa mikono miwili, kama karai. Wenzake walikuwa wanaosha masepeto na kuulizana nani kamwibia nani ndala, na Soksi alikuwa anakamua soksi zake.

Maneno ya kwamba anaandika yakatoweka.

Alingoja muda ambao mtu anahitaji kuvuta pumzi ya kuitikia. Akamwachia na muda wa kushuka ngazi, na wa kuweka chini alichoshika, na wa kunawa mikono. Vivuli vya mbao vikafika miguuni pake. Tiki zilibaki buluu, na chini yake hapakuandikwa kitu.